Hongcun, Kijiji Kilichojengwa kwa Fedha za Ugenini

Mwanzoni mwa karne ya 15, katika utawala wa mfalme Yongle wa nasaba ya Ming, ukoo wa Wang wa kijiji cha Hongcun uliamua kuyaleta maji ya mto hadi milangoni mwa nyumba zao. Mkuu wa ukoo, Wang Siqi, alimwita mtaalamu wa fengshui, elimu ya Kichina ya kupanga makazi kwa kusoma ardhi na maji, aitwaye He Keda kutoka wilaya jirani ya Xiuning. Mtaalamu huyo alipanda vilima, akafuata vijito, akapima miteremko, ndipo akatoa ushauri wake. Kisha utumishi wa serikali ukamchukua Wang Siqi na kumpeleka mbali na kwao. Mradi ukabaki mikononi mwa mkewe, Hu Chong.

Ni mama huyo aliyewasimamia vibarua na waashi, akaona mfereji ukichimbwa toka juu ya kijiji hadi katikati yake, na chemchemi iliyokuwapo pale ikapanuliwa kuwa bwawa. Simulizi za Hongcun zinaeleza kwamba wazee walitaka bwawa la mviringo, mfano wa mwezi mpevu. Hu Chong akakataa. Mwezi ukishajaa, alisema, huanza kupungua. Afadhali bwawa liwe nusu, ili kijiji kibaki na nafasi ya kukua. Bwawa likachimbwa nusu mviringo, na hivyo ndivyo lilivyo mpaka sasa. Picha ya mwanamke huyo imetundikwa katika Ukumbi wa Lexu, ukumbi wa wahenga wa ukoo wa Wang, mahali ambapo kwa desturi za zama zile heshima ya kutundikwa ilikuwa ya wanaume.

Hongcun iko katika wilaya ya Yi, kusini mwa mkoa wa Anhui nchini China, chini ya milima ya Huangshan. Kuta zake ni nyeupe, vigae vyake vyeusi, na mbele ya nyumba zake maji yanapita mchana na usiku. Uzuri huo umewavuta wachoraji na watengenezaji filamu kutoka pande zote za dunia. Lakini chini ya uzuri kuna historia ya watu waliokosa ardhi, wakawatuma watoto wao wa kiume kwenda kutafuta riziki ugenini, kizazi baada ya kizazi. Fedha zilirudi, wenyewe walirudi mara chache. Anayetaka kuelewa kwa nini ukuta hapa ni mrefu na dirisha ni dogo, au kwa nini nyumba imeupa mgongo uchochoro na kuifungulia mbingu kifua chake, hana budi kuwafuata watu hao waliokuwa mbali.

Ardhi finyu, moto mwingi

Ukoo wa Wang ulihamia hapa mwaka 1131, ukiongozwa na Wang Yanji, baada ya moto kuyateketeza makazi yao ya awali. Zilikuwa nyakati za msukosuko mkubwa. Miaka minne tu kabla yake, mwaka 1127, majeshi ya Wajurchen yalikuwa yameuteka mji mkuu wa nasaba ya Song, Kaifeng, na familia nyingi za kaskazini zikakimbilia kusini. Milima ya eneo hili, ambalo wakati huo lilikuwa limepewa jina la Huizhou, ilikuwa kimbilio zuri: njia zake ni ngumu, mabonde yake yamejificha, na jeshi la farasi haliwezi kupita kwa urahisi.

Milima inayomficha mtu haimlishi. Katika wilaya sita za Huizhou ya zamani, yaani She, Xiuning, Yi, Qimen, Jixi na Wuyuan, mashamba ya tambarare yalikuwa haba, na kadiri koo zilivyoongezeka ndivyo kila shamba lilivyogawanywa vipande vidogo zaidi. Hakuna aliyethubutu kujenga nyumba iliyotanda juu ya ardhi inayoweza kuoteshwa mpunga. Nyumba zikasogeleana hadi chochoro zikabaki na upana wa watu wawili kupishana, na badala ya kutanuka zikapanda juu, ghorofa mbili au tatu.

Nyumba za mbao zilizobanana ni chakula cha moto. Mwanzoni mwa karne ya 16 gavana wa Huizhou aliyeitwa He Xin alichoshwa na habari za mitaa mizima kuteketea kwa usiku mmoja. Aliagiza kwamba kila kundi la nyumba tano lijenge kwa pamoja ukuta wa matofali utakaozuia moto usivuke kwenda kwa jirani. Agizo lilileta mafanikio, na wananchi wakamwandikia He Xin shukrani zao juu ya jiwe.

Kutoka katika ukuta huo wa lazima ilizaliwa alama kuu ya ujenzi wa Huizhou. Polepole kila familia ilianza kujijengea ukuta wake. Ukuta unapanda kupita paa, kisha unashuka kwa ngazi kuufuata mteremko wa paa lenyewe, na kila ngazi imefunikwa kwa vigae na kumaliziwa kwa ncha iliyoinuka kama kichwa cha farasi. Wachina huuita ukuta wa kichwa cha farasi. Ukitazamwa kutoka kilimani, mji mzima wa kuta hizo huonekana kama kundi la wanyama waliosimama na kunyanyua shingo. Yote hayo yalianza na woga wa cheche za jikoni.

Maji yanayopita kila mlango

Moto ndio unaorudisha habari kwa Hu Chong na mfereji wake. Juu ya kijiji, upande wa magharibi, waliziba kijito kwa boma la mawe ili kuinua kina cha maji. Kutoka hapo mfereji, ambao mahali pengi upana wake haufiki hata meta moja, unaingia kijijini na kuzungukazunguka kwa zaidi ya kilometa moja. Unapita mbele ya milango, chini ya vizingiti, pengine ndani ya ua wa mtu, kisha unamwagikia katika Bwawa la Mwezi, ambalo lina ukubwa wa takriban meta za mraba 1,200. Ukitoka hapo unaendelea kusini.

Hakuna pampu wala gurudumu. Kazi yote inafanywa na mteremko wa ardhi, uliosomwa kwa makini na watu wasiokuwa na vyombo vya kisasa vya kupimia. Maji hayatuami, hivyo hayaozi. Mwenye kupika anayo karibu. Mwenye nyumba inayowaka anayo karibu pia, na hilo ndilo lililokuwa jambo la kufa na kupona. Wakati wa joto, hewa inayopita juu ya mfereji huingia chochoroni ikiwa imepoa.

Mfereji wa aina hii hauishi kwa mawe peke yake. Huishi kwa makubaliano. Desturi ya Hongcun iliweka saa za alfajiri kuwa za kuteka maji ya kunywa na kupikia. Kufua nguo na kuosha mboga kulisubiri jua lipande. Aliye juu ya mkondo alimwangalia aliye chini yake. Mkondo ulipojaa tope, watu walitoka kuuzoa. Kwa karne sita sheria hizo ndogondogo, zilizofundishwa na nyanya kwa wajukuu, zimefanya kazi ambayo mamlaka nyingi za maji zenye ofisi na mihuri zimeshindwa kuifanya.

Mwaka 1607, katika utawala wa Wanli, ukoo ulikamilisha sehemu ya mwisho ya mpango: Ziwa la Kusini, lenye umbo la upinde na ukubwa wa takriban hekta mbili, lililochimbwa mbele ya kijiji ili lipokee maji yote kabla ya kwenda mashambani kumwagilia mpunga. Ndipo wenyeji wakakamilisha pia taswira wanayoipenda ya kijiji chao. Wanakiona kama ng'ombe aliyelala. Kilima cha Leigang ni kichwa, miti miwili mikongwe mlangoni mwa kijiji ni pembe, nyumba ni mwili, mfereji ni utumbo, Bwawa la Mwezi ni tumbo la kwanza na Ziwa la Kusini ni la pili. Madaraja manne ndiyo miguu. Kwa mkulima wa mpunga, ng'ombe ni mali na ni mfanyakazi mwenza, na taswira hiyo ilimsaidia hata mtoto kukumbuka kwamba utumbo ukizibwa, mnyama mzima huugua.

Vijana wa miaka kumi na minne

Lakini matofali, mawe, mbao na ujira wa mafundi vilitaka fedha ambazo mpunga wa Yi haukuweza kuzaa. Fedha hizo zilitoka mbali.

Mvulana wa Huizhou alipofika miaka kumi na mitatu au kumi na minne, alifungiwa mzigo wake na kupelekwa ugenini kujifunza biashara dukani kwa mjomba au kwa mtu wa ukoo. Alifagia, alipika chai, alijifunza hesabu za abakasi, alilala chini ya kaunta. Miaka ikipita akawa karani, kisha meneja, na wachache wakawa wenye mali. Waliuza mbao na chai za milimani kwao, wino na mawe ya kusagia wino ambayo Huizhou inasifika kwayo hadi leo, nguo, na wengi wakafungua maduka ya kukopesha fedha kwa rehani.

Utajiri mkubwa kupita wote ulikuwa wa chumvi. Chumvi nchini China ilikuwa chini ya ukiritimba wa serikali, na mfanyabiashara hakuweza kuigusa bila hati. Mwaka 1617 serikali ya Ming iliwapa wafanyabiashara walioandikishwa haki ya kudumu ya biashara hiyo, haki ambayo baba angeweza kumrithisha mwanawe. Familia za Huizhou zilikuwa tayari zimejipanga katika mji wa Yangzhou, karibu na mashamba ya chumvi ya pwani, na kwa karne mbili zilizofuata zilikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa dola lote. Yangzhou waliendesha maisha ya anasa. Huizhou walijenga nyumba.

Walijenga kwa sababu huko ndiko yaliko makaburi ya baba zao, wake zao na majina yao katika vitabu vya nasaba. Mfanyabiashara, hata awe tajiri kiasi gani, kwa mafundisho ya Confucius alikuwa chini ya msomi na chini ya mkulima. Heshima yake ya kweli ilikuwa nyumbani: ukumbi wa wahenga aliouchangia, shule aliyoijenga, daraja aliloliweka, mwana aliyefaulu mtihani wa serikali. Mwaka 1814 ukoo wa Wang uliziunganisha shule zake ndogo kuwa Chuo cha Ziwa la Kusini, kilichosimama pembeni mwa ziwa ili wanafunzi wasome wakipata hewa safi na mwanga ulioakisiwa na maji.

Historia hii tunaijua kwa undani kwa sababu watu wa Huizhou hawakuwa wepesi wa kutupa karatasi. Mikataba ya kuuziana mashamba, hati za rehani, vitabu vya hesabu, barua za mashauri na nasaba za koo vimepatikana kwa mamia ya maelfu tangu miaka ya 1950, na wanahistoria wameviunda kuwa taaluma nzima inayojitegemea.

Nyumba inayotazama ndani

Mtu tajiri hakuwa huru kujenga apendavyo. Mwaka 1393 mwanzilishi wa nasaba ya Ming, mfalme Hongwu, aliweka sheria ya nyumba za raia wa kawaida: ukumbi usizidi vyumba vitatu kwa upana, paa lisizidi boriti tano za kulala, na mwenye nyumba asitumie vibebeo vya mbao vya kifalme chini ya paa wala rangi za mapambo. Mfanyabiashara mwenye fedha za kujenga kasri alibanwa katika umbo la nyumba ya mtu wa kawaida.

Akapata njia. Sheria ilitaja ukubwa na rangi, haikutaja patasi. Fedha zote zilizozuiwa kwenda nje zikaingia katika nakshi, na ndivyo sanaa tatu za uchongaji za Huizhou zilivyokua: ya mbao, ya mawe na ya matofali. Mlango wa mbele umevikwa kofia ya matofali ya kijivu yaliyochongwa maua, ndege na matukio ya michezo ya kuigiza, kazi laini kiasi kwamba kijito na daraja lake vinaenea katika kiganja. Ndani, boriti, mikono ya nguzo na mabamba ya milango ya mbao vimejaa watu na hadithi. Mbao hazikupakwa rangi. Zilipakwa mafuta na kuachwa zionyeshe nyuzi zake.

Mgeni akiingia, huvuka ukuta mtupu usio na madirisha ila vijitundu vichache juu kabisa, ambamo mwizi hawezi kupita. Ghafla anajikuta chini ya mwanga. Katikati ya nyumba paa limeachwa wazi, na chini yake kuna ua mdogo wa mawe uitwao tianjing. Msomaji aliyeingia katika nyumba za mawe za Lamu atakumbuka kiwanda, ule uwazi wa ndani unaoipa nyumba hewa na faragha kwa pamoja. Tianjing hufanya kazi hiyo na nyingine moja. Paa zote nne zinazoizunguka huinamia ndani, na mvua yote inayonyesha juu ya nyumba huanguka uani na kukusanywa. Kwa wenyewe, maji ni mali, na mali isiangukie uwanja wa jirani. Kulikuwa na faida ya wazi pia: nyumba iliyobanwa kati ya nyumba nyingine haikuwa na mahali pengine pa kupata mwanga, wala maji ya mvua mahali pengine pa kwenda bila ugomvi.

Mfumo wa ujenzi wenyewe unastahili kutazamwa kwa makini. Ukuta mnene wa nje haubebi paa. Paa linabebwa na kiunzi cha nguzo na boriti za mbao, zilizounganishwa kwa ndimi na matundu bila misumari. Ukuta ukibomoka, nyumba husimama. Nguzo hazigusi ardhi; kila moja imekaa juu ya jiwe lililochongwa, ili unyevu wa bonde usipande na kuuozesha mti. Kuta zimejengwa kwa matofali yaliyoacha uwazi katikati, yakapigwa chokaa. Kila fundi alijua kwamba chokaa nyeupe ingebadilika: mvua za miaka hulamba kuta na kuacha michirizi ya kijivu na myeusi, na wachoraji husema hakuna rangi ya maji inayopita hiyo kwa uzuri.

Mfano mkuu katika Hongcun ni Jumba la Chengzhi, lililojengwa mwaka 1855 na mfanyabiashara wa chumvi aliyeitwa Wang Dinggui. Lina nguzo za mbao 136, nyua za tianjing 9 na vyumba takriban 60. Juu ya boriti za ukumbi wa mbele zimechongwa karamu ya maofisa wa mfalme Suzong wa nasaba ya Tang na watoto mia wakishangilia sikukuu ya taa, kila mmoja na sura yake na shughuli yake. Kuna chumba cha kuchezea mahjong, kuna chumba cha kuvutia kasumba, na kuna ua wenye kibwawa cha samaki kinachopata maji kutoka katika mfereji ule ule wa Hu Chong. Mwaka wa ujenzi wake nao unashtua. Miaka miwili kabla, jeshi la waasi wa Taiping lilikuwa limeuteka mji wa Nanjing, na vita vilikuwa vikielekea milimani. Wang Dinggui alichonga boriti zake huku dola likiwaka.

Waliobaki nyuma

Kuta zilizowalinda wanawake ziliwafunga pia. Msichana aliolewa kabla mumewe hajaondoka, akapata labda miezi michache ya ndoa, kisha akaachwa na wakwe, mashamba na hesabu za nyumba. Mume alirudi baada ya miaka, au hakurudi. Nyumba ya Huizhou, pamoja na uzuri wake wote, ilikuwa pia chombo cha kumweka mke wa msafiri ndani ya macho ya ukoo.

Serikali ilikubaliana na ukoo. Kwa kanuni za Ming, mwanamke aliyefiwa na mume kabla ya miaka thelathini na akakaa bila kuolewa mpaka akapita hamsini aliweza kupewa heshima rasmi, na familia yake ikasamehewa kazi za lazima za serikali. Heshima hiyo mara nyingi ilisimamishwa kama tao la mawe barabarani. Tangyue, kijiji cha wilaya ya She, kina matao saba mfululizo ya ukoo wa Bao, yaliyojengwa katika nasaba za Ming na Qing kwa ajili ya utumishi mwema, utiifu kwa wazazi, ukarimu na ujane usiovunjwa. Ukoo huo huo ulijenga mwanzoni mwa karne ya 19 kitu adimu sana: ukumbi wa wahenga kwa ajili ya wanawake wake. Matao ni mazuri. Yanaposomwa vizuri, yanasimulia pia bei iliyolipwa na watu ambao wengi wao walijulikana kwa jina la ukoo tu.

Ndiyo maana habari ya Hu Chong ina uzito wake. Alitoka katika ukoo wa Hu wa Xidi, kijiji kilicho kilometa chache kutoka Hongcun, na ambacho chenyewe kilianzishwa mwaka 1047. Mlangoni mwa Xidi lipo tao la mwaka 1578, lenye kimo cha zaidi ya meta 12, lililojengwa kumheshimu ofisa Hu Wenguang kwa jiwe jeusi la wilaya ya Yi. Xidi pia ina nyumba ya mwaka 1691 ambayo mwenyewe, aliyekuwa mtu wa cheo, aliirudisha nyuma hatua moja kutoka uchochoroni ili wapita njia wapate nafasi, akaandika juu ya mlango mawaidha ya kurudi nyuma hatua moja. Kwa matajiri wenye kugombea kila shubiri ya ardhi, hilo halikuwa jambo dogo.

Kuanguka, na kuponea chupuchupu

Utajiri wa chumvi ulikatika kwa amri. Mwaka 1832 ofisa Tao Zhu alianza kuvunja ukiritimba wa urithi katika eneo la chumvi la Huai, akiruhusu mtu yeyote mwenye kulipa kodi kununua hati. Nyumba nyingi za Yangzhou zilifilisika. Kisha vita vya Taiping, vilivyodumu kutoka 1851 hadi 1864, vilipita Huizhou mara kwa mara. Vijiji vilichomwa, kumbi za wahenga zilibomolewa, na njaa na maradhi vikamaliza waliosazwa na upanga. Reli na meli za moshi ziliihamishia biashara Shanghai na miji mingine. Huizhou ikabaki kando ya njia.

Umaskini uliihifadhi. Hapakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya, hivyo nyumba za Ming na Qing zikaendelea kukaliwa. Baada ya mageuzi ya ardhi ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, majumba ya matajiri yaligawiwa familia kadhaa; majiko yakawekwa kumbini, kuku wakafugwa chini ya boriti zilizochongwa. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kati ya 1966 na 1976, hatari ilikuwa kubwa zaidi. Nakshi za wafalme na maofisa zilihesabiwa kuwa masalia ya ukabaila, na nyuso nyingi za mbao zilikatwa kwa shoka. Pengine wakazi walizipaka udongo na kubandika juu yake karatasi zenye maneno ya Mao, na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Hivyo ndivyo kazi ya mafundi waliokufa zamani ilivyookolewa na majirani wenye akili.

Sehemu ya historia hii inagusa pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1415, katika utawala ule ule wa Yongle ulioona mfereji wa Hongcun ukichimbwa, twiga kutoka Malindi alifikishwa katika jumba la mfalme. Na jiwe la kutengenezea kauri lililochimbwa Qimen, mojawapo ya wilaya sita za Huizhou, lilishushwa kwa mto hadi Jingdezhen, mji ambao vyombo vyake vya buluu na nyeupe vilivuka Bahari ya Hindi na kuingizwa katika makaburi na misikiti ya Waswahili. Karne nyingi baadaye njia hizo zilikutana tena mezani: kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ilipokutana Cairns, Australia, mwishoni mwa mwaka 2000, iliandikisha Xidi na Hongcun katika kikao kile kile kilichoandikisha Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Nani atashika patasi?

Mwaka huo huo wa 2000 filamu ya Ang Lee, Crouching Tiger, Hidden Dragon, ilionyesha shujaa akivuka daraja la Ziwa la Kusini akiongoza farasi. Watu wengi wakataka kuliona daraja hilo kwa macho yao. Sasa Hongcun hutoza kiingilio, wanafunzi wa sanaa hukaa kandokando ya maji na mbao zao za kuchorea, na nyumba nyingi zimekuwa migahawa na vyumba vya wageni. Fedha hizo zimelipia vigae na boriti. Zimeleta pia swali la nani anaishi humo: mfereji uliotegemea majirani kuamka alfajiri hauwezi kutunzwa na wapangaji wa msimu.

Nje ya vijiji viwili vyenye sifa, hali ni ngumu zaidi. Katika kijiji cha Huangcun, wilaya ya Xiuning, ilikuwapo nyumba iitwayo Yin Yu Tang, iliyojengwa takriban mwaka 1800 na mfanyabiashara wa ukoo wa Huang. Ina vyumba 16 vya kulala, na vizazi vinane vya familia moja viliishi ndani yake. Katika miaka ya 1980 wa mwisho waliondoka. Mwaka 1997 nyumba ilianza kufumuliwa ubao kwa ubao, ikasafirishwa hadi Salem, Marekani, na mwaka 2003 ikafunguliwa kwa umma katika Jumba la Makumbusho la Peabody Essex. Imepona, na maelfu wamejifunza kwayo. Hata hivyo tianjing yake sasa hukusanya mvua ya Massachusetts, na kiwanja chake cha Huangcun kimebaki bila nyumba.

China imejibu kwa orodha. Tangu mwaka 2012 serikali imekuwa ikiandikisha vijiji vya jadi vinavyostahili ulinzi. Kufikia mwaka 2023 vilikuwa 8,155. Ujuzi wa kujenga kwa kiunzi cha mbao uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2009. Orodha hutoa fedha na heshima, ila haikati mti. Fundi wa kuunganisha boriti kwa ndimi huhitaji miaka ya uanagenzi, na kijana anayeweza kupata mshahara wa kiwanda huko Hangzhou lazima apewe sababu ya kubaki.

Ujuzi wa jadi, safari hii wa mawe, ulijaribiwa hadharani mwezi Julai 2020. Mafuriko yalilibomoa daraja la mawe la Tunxi, lililojengwa mwaka 1536 katika mji ambao leo ni makao ya utawala wa eneo hili. Badala ya kumwaga zege, wahandisi na waashi waliingia mtoni kutafuta mawe yaliyosombwa, wakayatambua, wakayapanga, na kuyarudisha katika matao pamoja na mawe mapya yaliyochongwa kufidia yaliyopotea. Mwaka 2021 watu walivuka tena. Waliolijenga upya walilazimika kujifunza kazini mambo ambayo mafundi wa Ming waliyajua kwa kurithishana, na sasa kundi lao ni miongoni mwa watu wachache wanaoweza kuitwa siku ambayo boma la mawe la Hongcun litahitaji kutengenezwa.